Samli Kwenye Breki

Nikiyeyusha samli kwenye kikaango, mguu wangu wa kulia hukandamiza sakafu. Mume wangu ameshazoea. Wageni ndio hushtuka na kuniuliza kama nimeumwa na siafu, nami huwajibu ndiyo, maana maelezo ya kweli ni marefu na chakula kitaungua. Lakini juzi nilibadilisha breki za mbele za gari langu mwenyewe, hapa uani kwangu Kahororo, na nilipomaliza niliingia jikoni bila kuvua ovaroli nikaanza kukaanga. Harufu mbili zikakutana puani, petroli na samli. Nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka, na samli ikaungua kweli.

Watu husema sisi Wahaya tunapenda kujisifu. Leo sitabishana nao, kwa kuwa ninachotaka kusimulia ni sifa tupu, na sina mpango wa kuipunguza makali. Nyie wa rika langu mliomaliziwa malezi na mama peke yake mtanielewa. Wengine vumilieni kidogo.

Kwetu ni Kanazi. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba na mibuni pande zote, na barabara ya vumbi ilishuka kutoka kanisani, juu kilimani, hadi langoni petu. Baba alikuwa na pikapu nyeupe aliyobebea mikungu ya ndizi, yetu na ya majirani, kuipeleka sokoni Bukoba mjini. Jioni akirudi tulimsikia kabla hatujamwona. Gari likianza kushuka pale kanisani lilitoa mlio mkali, kwiiiii, ukapanda, ukakatika kwenye kona, ukaanza upya. Mbwa walibweka. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi, alifunua chungu akachungulia kama ndizi zimeiva. Majirani nao waliambiana, "Huyo, amefika."

Sasa Bibi alikuwa amenisimulia kwamba zamani Mukama, mfalme wetu, hakutembea kimya kimya. Ngoma zilitangulia ili watu wajue nani anakuja. Mimi nikaunganisha yangu. Niliamini kabisa kwamba ule mlio ndio ngoma ya Baba, kwamba gari lilikuwa limepewa sauti kwa sababu aliyelipanda ni mtu mkubwa. Magari yaliyopita kimya niliyahurumia, nikadhani wenyewe hawana cheo. Shuleni nilijigamba kuwa gari letu huita watu, na hakuna aliyenikosoa, maana wote walikuwa wamelisikia.

Hakuna aliyeniambia kuwa ile ilikuwa sauti ya chuma kinachokula chuma.

Baba alijua. Alikuwa ameshanunua diski mpya, zile sahani nzito za chuma zinazozunguka na gurudumu, pamoja na pedi za kuzibana, akavihifadhi chini ya kitanda ndani ya gunia. Alikuwa akisubiri siku atakayopata nafasi. Nafasi haikupatikana. Aliugua tumbo, na safari yake ya kwenda hospitali aliifanya nyuma ya pikapu yake mwenyewe, juu ya godoro, Mama akiendesha. Tulimzika kibanjani, kando ya baba yake, kama ilivyo kwetu.

Mama alijua kuendesha kwa sababu Baba alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, watu wakija kutazama kama sinema. Msiba ulipokwisha aliwasha pikapu akaendelea kupeleka ndizi mjini, akiwa bado katika nguo nyeusi. Jioni gari lilishuka kilima na mlio wake uleule. Kila jioni nilikurupuka nikakimbia mpaka langoni, halafu ndipo akili inikumbushe. Nikirudi namkuta Bibi ameshika kifuniko cha chungu mkononi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, mimi na Bibi, tulitazamana tu.

Ndipo akaja Baba Mdogo. Huyu ni ndugu wa Baba wa tumbo moja, mfanyabiashara wa ndizi na kahawa kule Kagoma, upande wa Muleba, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Nilimpenda, na nampenda hadi leo, kwa hiyo msiharakishe kumchukia. Bibi alimtolea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Akatia punje mdomoni, akatafuna, akasema:

"Shemeji, lile gari linapiga kelele tangu kanisani. Mteremko ule utakuja kuwaua, wewe na huyu mtoto. Nitalichukua Kagoma. Kule nina fundi wangu."

"Na akishalitengeneza, litarudi?" Mama aliuliza.

Baba Mdogo alitazama dari. "Tutaona."

Nilikuwa mdogo, lakini "tutaona" ya watu wazima niliijua vizuri. Ndiyo niliyopewa kila nilipoomba viatu vya wazi vya Krismasi. Nikamtazama Mama, na nikaona kwamba naye ameijua.

"Gari ni la marehemu," Baba Mdogo aliendelea, bila ubaya, kama mtu anayesoma bei. "Kitu cha marehemu ni cha ukoo. Mimi nitakuwa naleta chochote hapa, hamtalala njaa. Lakini mwanamke na breki, shemeji, wapi na wapi?"

Mama alikuwa akikunja kanga mapajani, akiikunjua, akiikunja tena. Bila gari, ndizi zetu zingewasubiri wachuuzi langoni, na wachuuzi wa Kanazi walijua kusubiri kuliko ndizi. Wangekuja mikungu imeshaanza kuiva, wakataja bei yao, na sisi tungeitikia. Hayo niliyaelewa baadaye. Siku ile nilichoelewa ni kwamba kitu cha mwisho cha Baba kilichokuwa kikitembea kinataka kuondoka.

"Njoo Jumapili baada ya Misa," Mama alisema. "Upande mbele, tushuke kile kilima pamoja, mimi nikiendesha. Ukiogopa, ondoka nalo siku hiyohiyo, nami sitasema neno."

"Na hizo breki?"

"Nitabadilisha mwenyewe. Vifaa alishaviacha mwenye gari."

Baba Mdogo alicheka kwa upole. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji."

"Na usipoziba ufa utajenga ukuta," Mama alijibu. "Acha nizibe."

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakulipeleka gereji mjini, yaishe. Akaniambia kuwa angelipeleka, Baba Mdogo angesema kazi ni ya fundi, na siku likiharibika tena tungerudi palepale. Tena, alisema, hakuna ufundi wa Baba ambao yeye hakuwa ameshika upande wa pili. Baba alipokuwa chini ya gari, nani alikuwa juu akikanyaga pedali? Nani alikuwa akimulika? Wanaume husahau kwamba anayemulika naye anaona.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu uliotoka ziwani ukajikusanya kwenye migomba. Mama alisogeza pikapu hadi penye ardhi ngumu mbele ya nyumba, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akatandika majani makavu ya mgomba ya kulalia. Kisha akaanza na nati, kabla ya kuinua gari, maana gurudumu likiwa hewani nati ikikaza linazunguka nayo. Zilikuwa zimekaza vibaya. Akavuta, akasukuma, akakaa chini akaitazama spana.

"Baba Koku," alisema, na hakuwa akinisemesha mimi, "ulizikaza hizi ili iweje?"

Halafu akavua ndala, akaweka spana ilale kama tawi, akapanda juu yake kwa miguu yote, akashika ukingo wa bodi, akaanza kuruka. Mjane, gauni jeusi hadi kwenye vifundo, anaruka juu ya spana mbele ya kaburi la mumewe. Bibi aliyekuwa barazani akimenya ndizi alifunika macho kwa mkono wenye utomvu.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya, yaani mama yangu. "Watu wakipita watasema nini?"

"Watasema nati imelegea, Mama," alijibu, na palepale ikalia kwaa, ikalegea.

Nawaambia, sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kile.

Akainua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akavua magurudumu. Nyuma ya gurudumu nikaona kwa mara ya kwanza mahali ngoma ya Baba ilipokaa. Ilikuwa ni sahani ya chuma yenye mifereji kama shamba lililopigwa matuta, na juu yake kibano kikubwa kilichoikumbatia. Mama alifungua kile kibano, na kabla hakijaanguka akakifunga kwa kamba ya mgomba kwenye springi, ili kisining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. "Huu mpira ukikatika," alisema, "tumekwisha." Akatoa pedi za zamani akaniwekea kiganjani. Upande mmoja ulikuwa chuma kitupu, umesagika mpaka unang'aa.

"Huu ndio mlio," akasema.

Nikaugeuza. Nikauweka sikioni. Sikusikia kitu.

"Mama, tukiviondoa hivi, Baba atajulikanaje akija?"

Alikuwa ameinama. Hakuinuka haraka. Alijifuta mikono kwenye gauni, ambalo halikuwa la kufutia mikono, akanishika kidevu, akaniachia alama ya grisi ambayo sikukubali ioshwe hadi usiku.

"Baba haji, Koku. Na ile haikuwa sauti yake. Ni gari lilikuwa linaomba msaada, naye alilisikia, akanunua dawa. Sisi tunamalizia."

Nililia kidogo. Si sana, kwa sababu alinipa nyundo.

Diski za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, hazikutaka kutoka. Mama aliegemeza kipande cha ubao, mimi nikagonga. Nilipochoka alishika yeye nyundo, mimi ubao. Zilipotoka zote, alizifungua zile mpya kutoka kwenye gunia la Baba. Ziling'aa kiasi kwamba Bibi aliinuka barazani akaja kuzitazama, mikono nyuma. Zilikuwa na utando wa mafuta, yale ya kiwandani ya kuzuia kutu. Mama akamimina petroli kwenye beseni la zamani, akachukua kitambaa, akaanza kuziosha.

"Mwana wange, unafanya nini?" Bibi aliuliza.

"Naondoa mafuta, Mama."

"Kwenye chuma kipya?"

"Haya hayatakiwi yawepo."

Bibi alisonya, akarudi barazani akiwa amefadhaika. Na hapa lazima niwaeleze jambo moja kumhusu. Bibi alikuwa na chungu chake cha samli kilichokaa kwenye rafu, na hakuna chuma kilichoingia nyumbani kwetu bila kupita kwenye kile chungu. Jembe jipya lilipakwa. Panga lilipakwa. Sufuria, makasi ya Mama, hata kengele ya baiskeli ya jirani aliyelala kwetu siku ya mvua, vyote vilipakwa kidogo kwa kidole cha shahada. Kuna waliosema ni mila ya kwao alikozaliwa, kuna waliosema ni yake tu. Kwa Bibi, kuosha mafuta kwenye chuma kipya kulikuwa ni sawa na kumwogesha mtoto mchanga kisha kumweka nje kwenye baridi bila nguo.

Mama alizianika zile diski juu ya majani mabichi ya mgomba, tukaenda kunawa na kula. Tulikula ndizi kwa maharage, tukapumzika, Mama akanituma kwa seremala kuazima jiliwa dogo la kusukumia pistoni zirudi ndani ya vibano, kwa kuwa pedi mpya ni nene na zinahitaji nafasi. Niliporudi tulifunga kila kitu. Diski zikaingia mahali pake, pedi zikakaa, vibano vikarudi, magurudumu, nati. Kisha ikaja kazi yangu.

"Panda. Shika usukani. Kanyaga breki, polepole, mpaka mwisho."

Sikuifikia pedali nikiwa nimekaa. Nilisimama nusu, mgongo ukigusa kiti, nikakanyaga kwa mguu wa kulia. Pedali ikazama hadi chini kama nimekanyaga tope. "Achia. Kanyaga tena." Ikazama. "Achia. Kanyaga." Na mara ikaanza kukataa. Nikahisi kitu kinainuka chini ya mguu wangu, kigumu zaidi kila mara, mpaka nikawa nimesimama juu yake kwa uzito wangu wote na haishuki.

"Imekataa, Mama!"

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema kutoka chini, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba anatabasamu. "Hapo ndipo inaposhika."

Nilishuka kama mtu aliyeumba kitu.

Tukaliwasha. Kilima tutakiacha, Mama alisema, kwanza tujaribu hapahapa kwenye tambarare, kutoka nyumbani hadi langoni. Nikakaa pembeni yake. Gari likaondoka likiwa kimya, akabadilisha gia, akakanyaga breki ili tusimame kwenye lango. Pedali ilikuwa ngumu, niliona mguu wake umeisukuma na imekataa kushuka, lakini gari halikuwa na habari. Liliteleza mbele kwa utaratibu kabisa. Nikaukandamiza mguu wangu kwenye sakafu kwa nguvu zote, kwa sababu siku ile mguu wangu ulikuwa ndio breki. Tukapita lango. Tukaingia kibanjani mwa jirani, tukauinamisha mgomba mmoja, tukasimama.

Halafu harufu. Nzuri, ya moto, ya sikukuu.

Mama alivuta pumzi. "Nani anakaanga?"

Tukashuka. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele, na ulinukia kama mboga zilizoungwa. Mama alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa. Akafumba macho. Kisha akageuka taratibu kuelekea barazani, alikokuwa ameketi Bibi, ameinua shingo, amejaa fahari ya mtu aliyefanya jambo jema bila kuombwa.

"Mama," alisema Mama, "ulizipaka?"

"Nilizipaka," Bibi alijibu. "Kidogo, nikafuta na jani zisichafuke. Uliziosha zikabaki uchi. Vitu alivyoviacha mwanangu viingie kazini vikavu? Chuma cha kukaa hapa lazima kionje samli. Kile cha kuondoka ndicho sikipaki. Mutalemwa alipohamia Kagoma nilimpa panga kavu, muulizeni."

Mutalemwa ndiye Baba Mdogo.

Nilidhani Mama atapasuka. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa pili, kazi ya siku nzima imeharibika, na kesho mtu anakuja kuchukua gari. Nikaona midomo yake inatetemeka. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea boneti, akajifuta macho kwa kiwiko maana mikono ilikuwa michafu, na Bibi, asiyejua kinachochekesha, naye akaanza kucheka, na mimi nikafuata.

Kisha akarudia kazi yote. Fundi yeyote atawaambia kuwa pedi zilizokunywa mafuta ni za kutupa, naye ana haki. Lakini hizi zilikuwa zimelamba tu, na za kubadilisha hatukuwa nazo. Alikwangua nyuso zake kwa msasa mpaka zikatoka mpya, akaosha diski kwa petroli, akaosha tena, akamwomba Bibi anuse. Bibi alinusa, akasikitika, akasema hakuna kitu. Jiliwa, vibano, nati. Mimi nikapanda juu, kanyaga, achia, kanyaga, mpaka ikakataa.

Kabla ya kujaribu tena, Mama alimshika Bibi mkono akamzungusha hadi nyuma ya pikapu. Pale chini kulikuwa na ndoano nene ya kuvutia gari lililokwama.

"Hapa, Mama," alisema. "Hapa ndipo hasa panapotaka samli."

Bibi alimtazama, akaitazama ndoano, akaenda kuchukua chungu chake. Aliipaka kwa raha zake, siyo kwa kidole bali kwa kiganja, akinong'ona maneno ambayo sikuyasikia. Gari likasimama langoni safari hii kama limegonga ukuta, mpaka nikapiga paji la uso kwenye dashibodi. Nilifurahia ule uvimbe kuliko pipi.

Jumapili Baba Mdogo alikuja moja kwa moja kutoka Misa, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alikuwa ameletwa na bodaboda, na mkononi alikuwa na dumu la petroli. Alikuwa na uhakika kiasi hicho. Aliliweka barazani bila kusema ni la nini, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu safari ya Kagoma si ya kwenda na tangi tupu.

Tukapanda, Mama kwenye usukani, mimi katikati, yeye mlangoni. Tulipanda kilima hadi kanisani, watu bado wamesimama kwenye nyasi wakisalimiana, wakatutazama. Mama akageuza gari. Kutoka pale unaona barabara yote ikishuka, nyekundu, hadi kwenye kona, na baada ya kona paa letu. Sikuwa nikiwaza kufa. Nilikuwa nikiwaza dumu lile.

Akaachia.

Nilikuwa nimeamua kumtazama Mama lakini macho yangu yaliangukia chini, na nikaona kiatu cha kulia cha Baba Mdogo. Kilikuwa kimekandamiza sakafu mpaka ngozi imejikunja juu ya vidole. Gari likashika kasi. Mama akagusa breki, gari likatii. Akaachia, akagusa tena kabla ya kona, likainamisha pua kwa heshima likapita. Hakuna mlio. Upepo tu, na mawe madogo chini ya tairi. Chini ya kona, palipo na mteremko mkali kuliko pote, mbuzi wa mtu alikatiza barabara bila haraka yoyote. Mama alikanyaga. Tulisimama wote, sisi na mbuzi, tukaangaliana. Mbuzi akaendelea na safari yake.

Nikatazama chini. Kiatu cha Baba Mdogo kilikuwa kimelegea, kimelala upande kama cha mtu aliye kwenye kochi lake.

Tulipofika nyumbani hakuna aliyetusikia. Bibi alikuwa amegeuka upande, anachambua maharage, na tulizima gari mgongoni kwake ndipo akashtuka. Baba Mdogo alishuka, akalizunguka gari taratibu kama anayelinunua. Aliinama mbele, akagusa diski kwa ncha ya kidole, akaenda nyuma. Pale akasimama muda. Nikamwona ameipapasa ndoano kwa vidole, anavileta puani.

"Mama," aliita. "Umelipaka?"

"Nimelipaka," Bibi alisema, macho kwenye maharage.

Alibaki ameinama pale, mtu mzima wa suti, mkono unameta kwa samli. "Mimi panga langu ulinipa kavu," akasema, na ilikuwa sauti ya mtoto.

"Wewe ulikuwa unakwenda kwako, mwanangu. Hili liko kwao."

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kama ile ndoano aliichagua kwa akili, kwamba alijua atakayeizunguka pikapu lazima ataifikia. Aliniambia nisage karanga.

Baba Mdogo alikwenda barazani, akalichukua lile dumu. Nikashika sketi ya Mama. Akarudi nalo kwenye pikapu, akafungua tangi, akamimina petroli yote, mpaka tone la mwisho, akilitikisa dumu ili lisibakize kitu. Akafunga tangi. Akajifuta mikono kwa leso nyeupe, ikapata alama ya samli, akaitia mfukoni hivyohivyo.

"Kasinge, shemeji," alisema. Kwetu hilo ni neno la shukrani na la pongezi pia, na yeye alilitamka akiwa ameinamisha kichwa kidogo, jinsi wanavyoinamiana wanaume wakishindana wakamaliza. Kisha akatazama kilima, kanisa kule juu, barabara tupu.

"Lakini sasa," akasema, "tutajuaje kwamba unakuja?"

Mama alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea jikoni, anafungua vifungo vya mikono ya gauni lake jeusi ili apike. Hakugeuka.

"Mtaniona nimefika," alisema.